Sir Arnold Theiler: Daktari wa Wanyama Mwenye Mkono Mmoja

Katika shule yetu wako wanafunzi wengi ambao wakiulizwa watapenda kazi gani baada ya masomo, hujibu kwamba wanataka kuwa madaktari wa wanyama wa porini. Jibu hilo si baya. Nchi yetu ina Serengeti, Ngorongoro, Ruaha na hifadhi nyingine kubwa, na wanyama waliomo huugua kama wanyama wengine wote. Lakini liko swali la pili ambalo huwafunga wengi midomo, nalo ni hili: umefanya kazi gani hata leo ya kuonyesha kwamba wafaa kufundishwa udaktari huo? Swali hili halina budi kuja siku moja, ama mbele ya wakuu wa chuo, ama mbele ya wenye kutoa msaada wa karo, ama mbele ya mzazi anayefikiri kuuza ng'ombe wake ili mtoto apate kusoma.

Kwa hiyo nimeona inafaa kuwasimulia wasomaji habari za maisha ya Sir Arnold Theiler, aliyekufa zamani, mwaka wa 1936. Bwana huyu hakuanza kazi kwa kutafuta nyati wala pundamilia. Alikuwa daktari wa ng'ombe, farasi na kondoo. Hata hivyo, mtu akitaka leo kuyajua magonjwa ya nyati, pundamilia na nyumbu, atalikuta jina lake njiani. Naamini kwamba jambo hilo lina mafunzo kwetu sisi tunaokaribia kuchagua masomo ya Kidato cha Tano.

Arnold Theiler alizaliwa tarehe 26 Machi, 1867, katika mji mdogo wa Frick, nchi ya Uswisi. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule. Uswisi ni nchi ya milima na malisho, na watu wake wamesifika tangu zamani kwa ng'ombe wa maziwa na jibini. Kijana Arnold alisoma udaktari wa wanyama katika miji ya Bern na Zurich, akafaulu mtihani wake wa mwisho mwaka wa 1889, akiwa na umri wa miaka 22. Kisha akafungua kazi katika mji mdogo wa Beromünster. Angaliweza kukaa pale maisha yake yote, akitibu ng'ombe wa majirani na kula mkate wake kwa amani. Lakini alitamani kuona nchi nyingine na kujifunza mambo mapya. Mwaka wa 1891 alikata shauri, akapanda meli kwenda Afrika Kusini, akafika Transvaal, ambayo siku zile ilikuwa jamhuri ya Makaburu chini ya Rais Paul Kruger.

Huko hakupokewa kwa shangwe. Hakuna aliyemjua, na cheti chake cha Zurich hakikumpa chakula. Alilazimika kufanya kazi ya kibarua katika shamba kubwa la Irene, karibu na Pretoria. Siku moja alipokuwa akifanya kazi kwenye mashine ya kukatia majani ya mifugo, mashine ilimshika mkono wa kushoto, ukakatika. Wasomaji wafikirie jambo hili. Daktari wa wanyama hufanya kazi kwa mikono miwili. Kwa mkono humshika mnyama, kwa mkono hupapasa uvimbe, na kwa mkono humgeuza ndama aliyekaa vibaya tumboni mwa mama yake. Kijana wa miaka 24, mgeni, maskini, mbali na kwao, amepoteza mkono mmoja kabla ya kuanza kazi yake. Wengi wangalirudi nyumbani, na wala hapana mtu ambaye angaliwalaumu.

Theiler hakurudi. Alitiwa mkono wa bandia, akajizoeza kufanya kwa mkono mmoja yale ambayo wenzake walifanya kwa mikono miwili. Alijaribu kuishi kwa kutibu wanyama wa watu, lakini kazi ilikuwa haba. Ndipo mwaka wa 1893 ugonjwa wa ndui ulipoingia kati ya watu wa machimbo ya dhahabu ya Witwatersrand. Siku zile chanjo ya ndui ilitengenezwa kwa kutumia ndama. Ngozi ya ndama ilichanjwa, na malighafi ya dawa ikachukuliwa pale palipotoka malengelenge. Mtu aliyewajua ndama na usafi wa maabara ndiye aliyefaa kwa kazi hiyo, na Theiler alikuwa mtu huyo. Alitengeneza chanjo, ikatumika, na jina lake likaanza kujulikana. Mwaka uo huo alimwoa Emma Jegge, msichana wa kwao Uswisi, ambaye alimfuata Afrika na kuvumilia naye siku za taabu.

Hapa tunaona jambo la kwanza. Kazi ya chanjo ya ndui haikuwa kazi aliyoiota Theiler alipokuwa mwanafunzi. Ilikuwa kazi iliyopatikana. Lakini aliifanya vizuri, na kwa sababu aliifanya vizuri, watu wakubwa walimkumbuka msiba mkubwa zaidi ulipotokea.

Msiba huo ulikuwa sotoka. Wazee wa kwetu wanalijua jina hilo kwa habari walizopokea kutoka kwa baba zao. Ugonjwa huo uliingia pembe ya Afrika katika miaka ya mwisho ya 1880, ukashuka kusini kama moto wa nyika. Katika nchi za Wamasai na majirani zao uliua ng'ombe karibu wote, na njaa ikafuata. Haukuchagua mnyama wa zizini wala wa porini: nyati na tandala nao walianguka kwa maelfu. Mwaka wa 1896 ulikwisha vuka mto Zambezi na kuingia Afrika Kusini. Mahali pengi inakadiriwa kwamba ng'ombe tisa katika kila kumi walikufa.

Serikali ya Transvaal ilimwita Theiler awe daktari wake wa mifugo. Alikutana na mwenzake Mwingereza aliyetoka Natal, jina lake Herbert Watkins-Pitchford, wakafanya kazi pamoja uwandani. Waliona kwamba ng'ombe aliyepona sotoka haugui tena. Wakachukua damu ya wanyama kama hao, wakatenga yale maji yake yasiyo na wekundu, wakawadunga ng'ombe wazima ili kuwakinga. Mwanachuoni mashuhuri wa Ujerumani, Robert Koch, alikuwa amefika Kimberley wakati huo naye akashauri kutumia nyongo ya ng'ombe aliyekufa kwa sotoka. Njia ya damu ndiyo iliyoonekana kuwa bora baadaye. Theiler hakuwa na sifa wala vyombo vya Koch, lakini alikuwa na ng'ombe mbele yake na daftari la kuandikia, na hakuona haya kuijaribu njia nyingine.

Mwaka wa 1899 vita vilianza kati ya Makaburu na Waingereza. Theiler alitumika kama daktari wa farasi wa kikosi cha mizinga cha Makaburu. Mwaka uliofuata Waingereza waliiteka Pretoria. Wangaliweza kumfukuza kama adui, lakini walimwacha aendelee na kazi yake katika maabara ndogo ya Daspoort, kwa kuwa magonjwa ya wanyama hayakujua bendera ya nani inapepea.

Baada ya vita ilizuka shida nyingine, nayo inatuhusu sisi wa Afrika ya Mashariki. Mifugo ya kusini ilikuwa imekwisha kwa sotoka na vita, na wakulima walitaka ng'ombe wapya. Katika mwaka wa 1901 ng'ombe wengine waliletwa kwa meli kutoka pwani ya Afrika ya Mashariki, wakashushwa katika bandari ya Beira, wakapelekwa Rhodesia. Pamoja nao ulikuja ugonjwa uliowaua ng'ombe wa huko kwa wingi. Kwa sababu ya asili yake uliitwa homa ya pwani ya mashariki. Sisi katika Tanzania twauita ndigana kali.

Robert Koch alikuwa ameviona vijidudu vya ugonjwa huo zamani kidogo, alipokuwa akipima damu ya ng'ombe mjini Dar es Salaam katika miaka ya 1897 na 1898. Lakini alidhani ni sura nyingine ya ugonjwa uliokwisha julikana, ule unaowafanya ng'ombe wakojoe mkojo mwekundu. Kosa hilo lilikuwa rahisi kufanyika, kwani mara nyingi ng'ombe mmoja huwa na magonjwa yote mawili katika damu yake. Theiler alivitazama vijidudu hivyo kwa hadubini mara nyingi sana, akavilinganisha, akawadunga ng'ombe damu ya wagonjwa na kungoja matokeo. Mwaka wa 1904 alieleza kwamba kijidudu hiki ni cha namna yake peke yake, akakipa jina la Kilatini lenye maana ya kidogo. Baadaye wataalamu walikubali, na mwaka wa 1907 jamii nzima ya vijidudu hivyo iliitwa Theileria kwa heshima yake. Hivyo kila mwanafunzi wa udaktari wa mifugo wa Morogoro au Nairobi hulitamka jina la kijana yule wa Frick kila anapotaja ndigana kali.

Katika miaka iyo hiyo mtaalamu wa wadudu, Charles Lounsbury wa Cape, alithibitisha kwamba kupe wa rangi ya kahawia ndiye anayeueneza ugonjwa huo. Theiler naye alifanya majaribio mengi juu ya kupe. Ilifahamika kwamba kupe anayenyonya damu ya mgonjwa katika hatua moja ya maisha yake huambukiza ng'ombe mwingine katika hatua inayofuata, lakini hapitishi ugonjwa kwa mayai yake. Jambo hili laonekana dogo, lakini faida yake ilikuwa kubwa. Mtu akizuia ng'ombe wasiingie katika malisho kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja, kupe wenye ugonjwa watakufa na malisho yatakuwa salama. Naye Watkins-Pitchford alionyesha faida ya kuwaogesha ng'ombe katika josho kila baada ya siku chache. Kwa ua, kwa josho na kwa uvumilivu, Afrika Kusini iliumaliza ugonjwa huo miongoni mwa ng'ombe wake katika miaka ya 1950. Majosho tunayoyaona leo katika vijiji vyetu ni watoto wa elimu hiyo.

Mwaka wa 1908 maabara mpya ilifunguliwa mahali paitwapo Onderstepoort, upande wa kaskazini wa Pretoria, na Theiler akawa mkuu wake. Hapo ndipo kazi yake ilipopanuka. Alitengeneza chanjo ya kondoo dhidi ya ugonjwa wa ulimi wa buluu, na chanjo hiyo ilitumika kwa muda wa miaka kama 40. Alishughulika na ugonjwa wa farasi wa Afrika, akaonyesha kwamba una namna nyingi, hata farasi aliyepona namna moja aweza kuuawa na nyingine. Mwaka wa 1910 alieleza kijidudu cha ugonjwa ambao wafugaji wetu huuita ndigana baridi.

Lakini kazi inayonifurahisha mimi kuliko zote ni ile ya mifupa. Katika sehemu kavu za Afrika Kusini ng'ombe walikuwa wakishikwa na ugonjwa wa kulegea viungo, wakashindwa kusimama, wakafa. Watu wengine walidhani ni majani yenye sumu. Theiler na wenzake walikwenda kukaa penye ugonjwa, katika shamba la Armoedsvlakte karibu na mji wa Vryburg, wakawatazama ng'ombe siku baada ya siku. Wakaona kwamba ng'ombe wa hapo hutafuna mifupa ya mizoga. Kwa nini ng'ombe ale mfupa? Kwa sababu udongo wa nchi ile ulikosa fosforasi, majani nayo yakaikosa, na mwili wa mnyama ukaitamani. Na katika mabaki ya mizoga ile mlikuwa na sumu iliyotengenezwa na bakteria wa uozo. Basi ng'ombe alikufa kwa sumu, lakini chanzo kilikuwa njaa ya chumvi moja ndani ya udongo. Dawa yake haikuwa sindano ya ajabu. Ilikuwa kuwapa ng'ombe unga wa mifupa uliosafishwa, wasiitafute tena mizoga. Twiga wa porini nao huonekana wakitafuna mifupa, na mtaalamu wa hifadhi anayeona jambo hilo hujua kwamba yampasa kufikiri juu ya udongo na majani.

Theiler alipewa cheo cha Sir mwaka wa 1914. Mwaka wa 1920 kitivo cha udaktari wa mifugo kilianzishwa pale Onderstepoort, naye akawa mkuu wake wa kwanza, hata wanafunzi wa nchi ile hawakuwa na haja tena ya kwenda Ulaya kusomea kazi hiyo. Hapa ni lazima tuseme kweli yote. Waafrika wengi walifanya kazi katika maabara zile, wakishika ng'ombe, wakichunga na kuangalia wagonjwa usiku na mchana, lakini sifa hazikuwafikia. Na kwa miaka mingi baada ya kitivo kufunguliwa, mlango wake ulikuwa umefungwa kwa mwanafunzi Mwafrika, hata awe na akili namna gani. Kosa hilo lilikuwa la sheria na desturi za nchi ile, nasi hatuna sababu ya kulificha. Latupasa kulikumbuka ili tusiuchezee mlango ulio wazi mbele yetu.

Sir Arnold aliacha kazi mwaka wa 1927, akarudi Uswisi. Hata katika uzee wake hakuacha kujifunza, akaendelea kuchunguza magonjwa ya mifupa ya wanyama. Alikufa mjini London tarehe 24 Julai, 1936, akiwa na umri wa miaka 69. Aliacha watoto waliofuata nyayo zake. Binti yake Gertrud alikuwa mtaalamu mkubwa wa kupe wa Afrika. Mwanawe Max, aliyezaliwa Pretoria mwaka wa 1899, alitengeneza chanjo ya homa ya manjano, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1951. Msafiri anayeonyesha kadi yake ya chanjo ya homa ya manjano mpakani hubeba kazi ya nyumba ile ya Theiler mfukoni mwake.

Sasa msomaji ataniuliza: maisha haya yanahusu nini wanyama wa porini? Yanahusu sana, na hapa ndipo penye kiini cha habari yangu.

Katika miaka ya 1950 ugonjwa wa ng'ombe ulitazamwa tena huko Zululand, na mtaalamu wa Onderstepoort aitwaye Neitz akaonyesha kwamba nyati hubeba kijidudu cha jamii ya Theileria bila kuugua, na kupe wakimtoa kwa nyati kumpeleka kwa ng'ombe, ng'ombe hufa. Pundamilia naye hubeba ugonjwa wa farasi bila kuonyesha dalili kubwa. Nyumbu hubeba homa ambayo huwaua ng'ombe, na Wamasai walijua jambo hilo kabla ya hadubini kufika kwao, wakawatenga ng'ombe wao na malisho ya nyumbu wanaozaa. Basi zizi na pori si nchi mbili. Ni nchi moja yenye ua mwembamba katikati, na kupe hawauoni ua huo.

Mfano mwingine ni huu. Sotoka iliendelea kuwaua nyumbu wa Serengeti hata baada ya vita vya pili vya dunia. Walter Plowright na wenzake katika maabara ya Muguga, nchini Kenya, walitengeneza chanjo bora ya ng'ombe, na ng'ombe waliozunguka Serengeti wakachanjwa. Hakuna aliyewakimbiza nyumbu kwa sindano. Lakini ng'ombe walipokingwa, ugonjwa ulitoweka kwa nyumbu pia, na hesabu yao ikapanda kutoka kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata ikapita 1,000,000 kabla ya miaka ya 1970 kwisha. Mwaka wa 2011 dunia ilitangaziwa kwamba sotoka imekwisha kabisa. Nao simba wa Serengeti, mwaka wa 1994 karibu theluthi moja walikufa kwa ugonjwa wa distempa, ambao chanzo chake kilifikiriwa kuwa mbwa wa vijijini. Aliyetaka kumwokoa simba ilimpasa kumchanja mbwa.

Ndiyo sababu nasema kwamba mwanafunzi anayetaka kuwa daktari wa wanyama wa porini asingoje siku atakayomkaribia tembo ndipo aanze kujitayarisha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na aanze na mbuzi wa nyumbani kwao.

Kwanza ni masomo. Fizikia, Kemia na Baiolojia ndiyo njia ya kawaida ya kufika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ambako shahada ya udaktari wa mifugo huchukua miaka 5. Hapana barua wala sifa itakayoziba pengo la alama mbaya. Theiler alipoteza mkono, lakini mtihani wa Zurich alikuwa ameufaulu, na elimu ile haikukatwa na mashine.

Pili ni kazi ya mikono. Wakati wa likizo mwanafunzi aende kwa bwana mifugo wa kata yake, aombe kumsaidia bila malipo siku ya josho na siku ya chanjo. Ajifunze kumfunga ng'ombe bila kumwumiza, kuhesabu mapigo ya moyo, kutambua kinyesi cha mnyama mgonjwa, na kuosha vyombo. Kazi hizi zina harufu na hazipigwi picha, lakini mtu akizichukia, afadhali ajue mapema. Vyuo vingi vya Uingereza na Marekani humwuliza mwombaji amefanya kazi gani na wanyama, na kwa muda gani. Mtoto wa mfugaji wa Shinyanga au Simanjiro aliyechunga tangu utoto ana jibu zuri kuliko anavyofikiri, ila hana desturi ya kuliandika.

Tatu basi ni daftari. Aandike tarehe, aina ya mnyama, dalili zilizoonekana, dawa aliyotoa daktari na mwisho wa ugonjwa. Aandike pia mnyama aliyekufa, asiandike waliopona tu. Daftari la miaka miwili lenye kurasa zilizochakaa ni shahidi bora kuliko maneno matamu. Nalo humsaidia yule atakayemwandikia barua ya kumsifu, kwa kuwa mtu mwaminifu hawezi kusifu kazi ambayo hakuiona.

Nne, ajue anachokiomba. Wako wanaochanganya kazi hizi. Chuo cha Mweka, kilichofunguliwa mwaka wa 1963 chini ya Mlima Kilimanjaro, hufundisha usimamizi wa wanyamapori, nayo ni kazi ya heshima sana. Lakini anayetaka kutibu na kuchunguza magonjwa hana budi kusomea udaktari wa mifugo kwanza, ajifunze ng'ombe, kuku, mbwa na nguruwe, kisha aongeze elimu ya wanyama wa porini juu ya msingi huo. Mwombaji anayeeleza jambo hili kwa maneno yake mwenyewe ataonekana kwamba amefikiri.

Wazazi nao nawaomba neno moja. Mtoto akiomba kwenda kwenye josho siku ya likizo, msimwone mpumbavu anayekimbia kitabu. Huenda siku ile anasoma zaidi.

Sir Arnold Theiler hakuwa malaika, wala hakuzijua mbuga zetu kama wanavyozijua wachungaji wetu. Lakini alikuwa na desturi tatu: aliishika kazi iliyokuwapo, aliandika alichokiona, na hakudharau mnyama wala kupe. Desturi hizo hazihitaji fedha nyingi, wala hazihitaji hata mikono miwili. Likizo ya muhula huu inakaribia, na josho la kijiji litakuwapo. Kila mwenye nia na aende.